Uzi: Nyumba isiyo ghorofa nayo inahitaji kibali cha ujenzi? Nimesimamishwa nikiwa kwenye lenta

#1 Mjenzi wa Kusini
Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada moja kwa moja. Nina kiwanja huku kusini (halmashauri siitaji, wenyeji mtanisamehe), kimepimwa, bikoni zote zipo, kodi ya pango la ardhi nalipa. Nimeanza kujenga nilipouza korosho, vyumba vitatu na sebule, ya chini tu haina ghorofa, na sasa nipo kwenye lenta, lile zege la juu ya milango na madirisha. Juzi naenda saiti nakuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI na fundi kaachiwa notisi, eti nipeleke kibali ofisini. Fundi anasema kibali ni cha maghorofa, nyumba za kawaida watu wanajenga miaka yote hawaulizwi. Kinachoniuma, jirani wa kulia kaanza nyuma yangu, leo anapaua na hakuna aliyemgusa. Kibali ni cha nyumba zote au fundi yuko sahihi? Na kwa nini mimi?

#2 Kuchele Daima
Fundi wako abaki na tofali zake, sheria awaachie wenyewe. Mjini unahitaji kibali hata kama ni chumba na sebule.

#3 Pweza Mkavu
Kwa nini wewe? Rahisi mkuu, jirani kashatoa soda, wewe hujatoa. Uzi ufungwe.

#4 Mama Somoe
Pweza kila uzi wewe ni soda tu. Mjenzi, umemuuliza jirani kama ana kibali? Maana anaweza kuwa nacho kabatini kwake na wewe unakesha unamhesabia dhambi.

#5 Mjenzi wa Kusini
Hatuongei toka ishu ya mpaka mwaka juzi.

#6 Pweza Mkavu
Hahaa ishu ya mpaka!! Basi nafuta kauli ya soda. Aliyempigia simu mkaguzi yuko juu ya kenchi za paa hapo kulia anakuchungulia.

#7 Mstaafu wa Ardhi
Vijana salaam. Nimefanya kazi hizi miaka mingi kabla sijastaafu, nisikilizeni kidogo. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inasema eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji mtu haruhusiwi kuliendeleza bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka yenyewe ni halmashauri yako. Haikusema ghorofa. Tofauti ya ghorofa na nyumba ya chini iko kwenye mzigo wa makaratasi. Nyumba ya chini unapeleka ramani ya jengo, nyaraka za umiliki, risiti ya kodi ya ardhi na fomu. Ghorofa unaongeza michoro ya vyuma na nguzo aliyoiandaa mhandisi aliyesajiliwa. Halafu maombi hayakai kwenye meza moja. Mipango miji anaangalia matumizi ya kiwanja na umbali kutoka mpakani, mtu wa ardhi anaangalia kama kiwanja ni chako kweli, afya anaangalia choo na hewa, mhandisi anaangalia uimara, na majengo mengine yanapita zimamoto. Ndiyo maana mtu anaona "nimepeleka karatasi moja wananizungusha", kumbe ile karatasi inazunguka yenyewe.

Sasa kosa la wengi ni kudhani kibali kikitoka basi kazi imeisha. Kibali ndio mwanzo. Mkaguzi anatakiwa aitwe msingi ukishachimbwa kabla hujamwaga zege, aitwe kwenye jamvi, kwenye lenta, kwenye paa, na mwisho kabla ya kuhamia. Wangapi humu mmewahi kumwita mkaguzi aje aone mtaro wa msingi?

#8 Kijana wa Chuno
Mzee shikamoo ila sheria ya vibali ni Namba 8 ya 1982 sio 2007. Nimeona mwenyewe kwenye tangazo.

#9 Mstaafu wa Ardhi
Marahaba. Zote ni namba 8 kijana wangu, usikoseshe watu usingizi. Ya 1982 ni ya Serikali za Mitaa Mamlaka za Miji, ndiyo inayoipa halmashauri meno ya kusimamia ujenzi. Ya 2007 ni ya mipango miji. Na nyuma yake kuna kanuni za majengo za mwaka 1930, za mkoloni. Kwa hiyo huyo fundi anayesema miaka yote watu hawaulizwi, hata baba yake aliikuta sheria tayari.

#10 Mbangua Korosho
Mimi sikubaliani na hili jambo wakuu. Serikali inanikata kodi ya jengo kwenye LUKU kila mwezi nikinunua umeme, buku jero inaenda. Sasa unanikata kodi ya jengo halafu unaniambia jengo halitambuliki? Mimi nilijenga bila kibali 2016 na nakatwa vizuri tu, maana yake nimeshatambuliwa.

#11 Mama Somoe
Korosho unachanganya. Ile kodi iliingizwa kwenye LUKU 2021, ilikuwa elfu moja kwa mwezi nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Mita ya umeme haijui kama una kibali au huna, inajua kuna mita. Hata wapangaji wanakatwa wanaanza kugombana na mwenye nyumba, utasema mpangaji kamilikishwa?

#12 Mbangua Korosho
Ndo hoja yangu hiyo hiyo, pesa wanaijua nyumba hawaijui.

#13 Fundi Kenchi
Mjenzi weka picha ya huo ukuta wa mbele tuone.

#14 Mjenzi wa Kusini
Hiyo hapo. [picha]

#15 Fundi Kenchi
Mkuu. Hizo nafasi mbili za mbele upana wake sio wa madirisha. Mimi nimejenga toka Shangani mpaka Mangamba, hizo ni fremu za duka. Na zimesogea mpaka zinaomba chumvi barabarani. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule kumbe ina na maduka mawili hukusema.

#16 Kijana wa Chuno
HAHAHAA wakuu nimekaa vibaya kwenye kiti

#17 Mjenzi wa Kusini
Moja ni ya mama watoto atauza vitenge, nyingine ni stoo. Kwani shida iko wapi kiwanja si changu?

#18 Mstaafu wa Ardhi
Hapa sasa tumefika. Angalia hati yako matumizi yameandikwa nini. Kama ni makazi pekee, ukiweka maduka unahitaji kubadilisha matumizi, na hilo ni ombi jingine kabla ya kibali chenyewe. Halafu kuna ule umbali wa kuacha toka mpakani, mbele, pembeni na nyuma, unategemea ukubwa wa kiwanja, umeandikwa kwenye masharti. Jirani anaweza kuwa hana kibali kama wewe lakini kakaa ndani ya mistari yake, na mkaguzi akipita na pikipiki jicho lake linakwenda kwa aliyetoka nje ya mstari.

#19 Kuchele Daima
Kwahiyo tuna sababu tatu mpaka sasa, soda, jirani kapiga simu, na fremu.

#20 Pweza Mkavu
Ongeza na ya nne, ni mwisho wa mwaka wa fedha, halmashauri zinatafuta mapato. Korosho zikishauzwa kila mtu ana tofali, na kila mwenye tofali ni mteja. Nyie angalieni kama kuna mtu anapigwa notisi kipindi cha njaa.

#21 Mama Somoe
Kipindi cha njaa nani anajenga Pweza?

#22 Mtu wa Mitandi
Mimi nipo Lindi mjini. Kibali nilikata, nyumba ya vyumba vitatu, wala sikuzungushwa kivile. Kilichonichelewesha ni ramani, niliichukua mtandaoni ya mtu mwingine nikaiprinti, wakaniambia hii ramani haijakaa kwenye kiwanja chako, haioneshi shimo la choo liko wapi wala mvua inaelekea wapi. Ikabidi nitafute mchoraji aje aone kiwanja, kina mteremko. Kwenye kibali changu wameandika niache mita 3 mbele na moja na nusu pembeni, sijui kwa wengine. Siku hizi maombi ni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unajisajili na namba ya NIDA, unapandisha makaratasi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Ukiona mtu anakwambia nipe keshi nikusaidie, ujue hiyo hela haiendi serikalini.

#23 Pweza Mkavu
Inaenda kwenye soda 😂

#24 Bi Mkubwa Mikindani
Wanangu mnasema nyumba mpya, sie wa nyumba za mawe za zamani tuna balaa letu. Ukuta wa matumbawe ukianza kumeguka unataka uzibe kwa saruji, unaambiwa subiri, hiyo ni nyumba ya kihistoria, watu wa mambo ya kale nao wana neno lao. Na wana haki kidogo, maana saruji kwenye ukuta wa mawe na chokaa inashika maji ndani ukuta unaoza kwa siri. Lakini chokaa ya kuchoma fundi wake siku hizi nitampata wapi? Mvua hainisubiri mimi.

#25 Fundi Kenchi
Shikamoo Bi Mkubwa. Hiyo umeongea ya kifundi kabisa. Ule ukuta unatakiwa upumue.

#26 Mbangua Korosho
Haya na mimi niulize, nina eneo karibu na barabara kubwa, niliwekewa alama ya X ya kupisha barabara. Mtu mmoja kaniambia X ya kijani ni nzuri nyekundu ni mbaya, kweli au ananifariji?

#27 Kijana wa Chuno
Kweli. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa toka mita 22.5 kwenda 30 kila upande ukipima toka katikati ya barabara. Aliyejenga kati ya 22.5 na 30 kabla sheria haijabadilika alipewa ya kijani maana yake atalipwa fidia akitakiwa kupisha. Aliye ndani ya 22.5 ni nyekundu, huyo ni kavamia. Ila sio rangi ndo inayoamua, ni mita na lini ulijenga. Wewe umesema 2016 ulijenga...

#28 Mbangua Korosho
Hiyo ni nyumba nyingine.

#29 Kuchele Daima
Korosho ana nyumba ngapi huyu, halafu analia buku jero ya LUKU

#30 Mama Somoe
Kangomba hiyo inaongea, kununua korosho za wakulima kimagendo.

#31 Mtu wa Mitandi
Na wale wa ufukweni msijisahau, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka baharini na mtoni. Watu wanauziana vijiwanja vya upepo mwanana, muuzaji ana karatasi ya mwenyekiti wa mtaa na mhuri mkubwaa, unafika halmashauri unaambiwa hapa hakuna kiwanja hapa ni bahari imepumzika. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa inaonesha mmeuziana, haikupi ruhusa ya kujenga.

#32 Mkazi wa Nanyamba
Wakuu sisi wa Nanyamba mnatuweka wapi? Sisi ni halmashauri ya mji ila ukienda vitongoji ni mikorosho mitupu, ardhi ya ukoo, hakuna kiwanja kilichopimwa. Mimi nimejenga, mwenyekiti wa kijiji anajua, majirani wameshuhudia, kibali nitaombea namba gani ya kiwanja?

#33 Mstaafu wa Ardhi
Swali zuri na gumu. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, huko halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi. Ukiwa nje ya eneo lililotangazwa la mipango miji haubanwi na kibali hiki tunachoongea. Lakini mji unakua unakufuata. Nenda kwa mtendaji wako umuulize eneo lenu limetangazwa au bado, usimuulize fundi.

#34 Fundi Kenchi
Mzee mafundi tumekukosea nini leo 😂

#35 Mtu wa Mitandi
Na kuna yaliyotokea Likong'o kwenye eneo la mradi wa gesi. Watu walishafanyiwa uthamini, wakakaa miaka wanasubiri fidia, na uthamini ukishapita ukijenga kipya hakihesabiki. Mjomba angu nyumba yake ilikuwa inavuja anaogopa hata kubadilisha bati. Kwahiyo kabla hujanunua huku kwetu uliza kwanza kama eneo lina mradi, kibali baadae.

#36 Kuchele Daima
Turudi kwa Mjenzi. Ndugu ulienda ofisini?

#37 Mjenzi wa Kusini
Nimeenda. Wamenipokea vizuri tu sitaki kusema uongo. Wamesema nisimamishe kazi, nipeleke ramani na nyaraka, kuna faini halafu mhandisi aje aangalie kilichojengwa. Anataka kujua msingi una kina gani na nondo zimekaaje kwenye lenta. Sasa msingi uko chini ya ardhi ataonaje? Kasema anaweza kuniambia nichimbue pembeni sehemu chache. Na fremu wamesema ni suala jingine tutaongea. Jirani niliwauliza wakasema taarifa za mtu hawampi mtu.

#38 Pweza Mkavu
Soda.

#39 Mama Somoe
Au ana kibali Pweza! Mbona hutaki kabisa hiyo iwezekane?

#40 Fundi Kenchi
Kuchimbua sio mwisho wa dunia mkuu, mimi nimeona mara kadhaa, unafungua kona mbili tatu wanapima wanaondoka. Kinachoniogopesha huku pwani sio kina, ni mchanga. Watu wanachota mchanga wa ufukweni usiku maana ni wa bure, una chumvi, nondo zinaanza kula kutu ndani ya zege, zege linapasuka, baada ya miaka michache lenta inaonesha mifupa. Hilo mkaguzi akija nyumba imeshapigwa lipu haoni kitu, ndo maana mzee anasema aje mapema. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara tunaipata mlangoni halafu tunaiharibu na mchanga wa wizi.

#41 Mtu wa Mitandi
Na paa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, mtaani kwetu bati zilizoondoka ni zile ambazo kenchi imewekwa juu ya ukuta tu haijafungwa na chochote. Jirani mwenye bati nyembamba zaidi lakini kenchi zimefungwa kwa waya na nondo zilizotoka kwenye mkanda wa zege, hakuna hata bati moja lililoondoka. Wazee Lindi wanakumbuka kimbunga cha 1952, sie tulikuwa tunaona hadithi.

#42 Kijana wa Chuno
2019 Kenneth pia tulifungiwa shughuli huku Mtwara tukaambiwa tukae sehemu salama, kikaenda kupiga Msumbiji. Watu wakaanza kucheka serikali imetutisha bure. Halafu wale wale wakaendelea kupaua hivyo hivyo.

#43 Mbangua Korosho
Sawa lakini lile ghorofa la Kariakoo Novemba 2024 halikuanguka? Na lile la 2013 Dar lililoua watu 36? Dar kuna wakaguzi kibao kuliko huku kwetu. Kwahiyo karatasi inazuia nini hasa? Mimi bado naona ni mapato tu.

#44 Mstaafu wa Ardhi
Karatasi haizuii kitu, anayezuia ni mtu anayekuja kuangalia. Hapo umesema kweli bila kujua. Wakaguzi ni wachache, magari hakuna, kata ni nyingi, wengi wanaishia kumfuata mwenye jengo linaloonekana barabarani. Ndiyo maana nasema mwite wewe.

#45 Pweza Mkavu
Mzee kakubali kwamba wanaangalia la barabarani. Kwahiyo sababu ya tano: Mjenzi kapatikana sababu kiwanja chake kiko barabarani, cha jirani kimejificha.

#46 Mjenzi wa Kusini
Cha jirani nacho kiko barabarani.

#47 Kuchele Daima
Basi tumerudi kwenye simu.

#48 Mama Somoe
Mimi naongeza la wanawake wenzangu humu. Hati ikiwa jina la marehemu baba au la mume, na nyie ndo mnajenga, kibali kitatoka kwa jina lililo kwenye hati. Dada yangu alikwama hapo, ikabidi warudi kwenye mirathi kwanza, msimu ukapita na tofali zikaota nyasi. Angalieni jina mapema kabla hamjaleta mchanga.

#49 Mkazi wa Nanyamba
Hilo ni la msingi sana asante mama. Na fundi anayekuja na kibali chake mwenyewe je? Kuna mmoja ananiambia nimlipe atanipa kibali alichotumia kwa mteja mwingine, tunabadilisha jina tu.

#50 Fundi Kenchi
KIMBIA. Kibali kina namba ya kiwanja, sio leso ya kuazimana.

#51 Kijana wa Chuno
Wakuu na ukuta wa fensi je? Nataka kuzungusha tofali, nyumba ilishaisha zamani na kibali ninacho.

#52 Mstaafu wa Ardhi
Fensi nayo ni ujenzi, iombee. Hasa kiwanja cha kona, usizibe watu wa magari wanaokata kona.

#53 Mbangua Korosho
Fensi!! Kesho mtaniambia na kamba ya kuanikia nguo.

#54 Mjenzi wa Kusini
Taarifa fupi. Fundi kaniambia jana jirani naye kaandikiwa ukutani, rangi ile ile.

#55 Pweza Mkavu
Soda imeisha gesi.

#56 Mama Somoe
Au Mjenzi kapiga simu 😂

#57 Mjenzi wa Kusini
Sijapiga mimi.

#58 Kuchele Daima
Mbona hatujakuuliza.